Mwanamke Aliyekataa Kupimwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa cherehani. Nilifika karakana ya ushonaji ya akina mama pale Hola nikiwa msichana kutoka Kulesa, mkasi mpya mkobani na kiherehere kingi, nikidhani nitapewa kitambaa nikate. Mkufunzi wa Ushonaji, mzee mwembamba aliyevaa koti hata siku ambazo jua la Hola linachoma utosi, alinipa futikamba akaniambia nimpime mpishi wa karakana. Mpishi huyo alikuwa mama mnene, mwenye kifua kikubwa na nyonga pana, na alipenda kucheka. Nilimpima akiwa amesimama, nikazitaja namba kwa sauti.

"Sasa mketishe," Mkufunzi akasema. "Mpime tena."

Nikampima. Nyonga zilikuwa zimeongezeka na tumbo limekuja mbele. Mpishi alicheka mpaka futikamba ikaniponyoka.

"Umeona?" Mkufunzi akasema. "Kwenye sherehe watu hukaa. Mama huyu atasimama wakati wa wimbo wa taifa na wakati wa kupigwa picha. Muda mwingine wote yuko kitini, anakula, anainua mkono kumwita mtu. Ukimshonea gauni la kusimama tu, umevalisha sanamu."

Hayo ndiyo yaliyonifanya nipende kumvalisha mwanamke mwenye mwili. Wakati ule mafundi wengi walimwogopa. Akija mama mnene walichukua kipimo cha mahali alipo mpana zaidi, wakakata gauni zima kwa upana huo, naye akatoka kama hema linalotembea. Mkufunzi alitufundisha kupima kifua cha mbele peke yake na mgongo peke yake, kwa sababu wanawake wawili wanaweza kuwa na mzunguko mmoja na bado nguo ya mmoja isimkae mwingine. Alitufundisha kupiga bandi, yaani ule mshono mrefu wa mkono unaoshikilia nguo kwa muda ili ijaribiwe kabla ya kutiwa mashine. Alitufundisha kuacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono, na kuweka bitana, ile nguo ya ndani ya nguo, ya pamba tupu. Bitana za nailoni, alisema, humchemsha mtu. Mafunzo hayo yote niliyashika. Nilipoambiwa kuna kazi Garsen, nilipanda gari nikijiona fundi kamili.

Duka la Garsen lilikuwa la mavazi ya sherehe. Lilishona na kukodisha magauni ya harusi, lilipamba viti na ukumbi, na fundi wake alitumwa siku yenyewe kwenda kumvalisha mteja. Mwenye duka tulimwita Madam. Alikuwa mwanamke wa kutoka Malindi, nadhifu, mwenye manukato makali, na katika maisha yangu yote sijaona mtu mwenye kushuku kama yeye. Jioni alipekua mikoba yetu kutafuta vipande vya kitambaa. Aliamini wauza nguo wa sokoni wanatuma watu kuiba mishono yake. Mteja akiingia chumba cha kupimia, Madam alisogeza kiti chake karibu na pazia akijifanya anahesabu vifungo.

Lakini niseme ukweli, si yeye peke yake. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na Garsen nzima ilikuwa imejaa wasiwasi. Magari ya kwenda Malindi yalisafiri kwa msafara, askari mbele na nyuma, kwa kuogopa majambazi wa njiani. Mvua kubwa zilipokuja barabara ikakatika, na bidhaa zikawa za kubahatisha. Mtu akionekana na kitenge kipya, watu waliulizana kimepita wapi. Mgeni akikaa hotelini zaidi ya kikombe kimoja cha chai, aliulizwa ametumwa na nani. Mimi nilijiona niko nje ya mambo hayo. Sikuwa nje.

Mteja wetu mkubwa alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wakulima wa mpunga. Jina lake silitaji. Binti yake, ambaye sasa naye ni mama wa watoto wakubwa, amenipa ruhusa ya kuyaandika haya kwa sharti hilo moja. Tutamwita Mama Mwenyekiti, kama Garsen yote ilivyomwita. Alikuwa mjane, mrefu, mnene kwa namna ya kupendeza, na alipenda kuvaa. Akiingia mkutanoni wanaume walisogea bila kuambiwa. Nilimshonea mara kadhaa mwaka wangu wa kwanza na mwili wake niliujua: bega pana, mgongo ulionyooka, kifua kizito kinachotaka kushikiliwa na mshono wa chini, kiuno kilichobaki kiuno licha ya yote. Kumvalisha ilikuwa raha.

Kisha akaenda Mombasa kwa dada yake, akakaa miezi. Aliporudi alikuja dukani na gauni lake la zamani mkononi.

"Rehema," aliniambia, "nataka gauni la siku ya kukabidhiwa mashine ya kukoboa mpunga. Mgeni rasmi anakuja, na mimi ndiye nitakayesema. Lipime hili, ukate kama hili."

"Mama, hili ni la mwaka juzi. Ingia ndani nikupime mara moja tu."

"Nimesema pima gauni."

"Mwili hubadilika, Mama. Nikikata kwa kubahatisha..."

"Rehema." Hakupaza sauti. "Hunipimi."

Alitoka. Madam akanitazama mimi, akaitazama njia aliyopita, akasema polepole, "Mwanamke asiyetaka kuguswa ana kitu mwilini."

Nilikata kama nilivyoagizwa. Kitambaa kilikuwa kitenge kizuri cha rangi ya zambarau na dhahabu, gauni refu la mikono mipana, na mtandio wake. Alipokuja kulijaribu alijifungia chumbani peke yake, akatoka amekwisha kulivaa. Upana ulikuwa sawa. Urefu ulikuwa sawa. Lakini kola ilikuwa imekwenda kulia. Nikairudisha katikati, akatembea hatua chache hadi mlangoni, nayo ikarudi kulia kama inavutwa.

Madam alinigombeza mbele ya wateja kwamba nimekata mgongo vibaya. Nikalifumua gauni, nikapima kila kipande upande kwa upande juu ya meza. Vililingana. Nikalishona upya, akalijaribu tena, na kola ikaenda kulia vilevile. Nikaanza kuwashuku wenzangu kwamba mmoja anaharibu kazi yangu nikienda kula. Nikalificha gauni chini ya marobota ya bitana, mahali ambapo mimi pekee nilipajua. Kola haikubadilika.

Mara ya tatu nilipokuwa nainyoosha kola ile, kiganja changu kilipita chini ya kwapa lake la kushoto. Nikagusa kitu. Kilikuwa kama kifurushi, kimefungwa kwa kitambaa, laini halafu na fundo gumu kati. Mama Mwenyekiti aliruka kama aliyeungua, akanishika kifundo cha mkono.

"Umegusa nini?"

"Sijagusa kitu, Mama."

Alinitazama machoni, kisha akaniachia. Nilipogeuka, pazia lilikuwa linacheza na kiti cha Madam kilikuwa karibu nalo.

Kesho yake alikuja makamu wa mwenyekiti. Huyu alikuwa wifi yake Mama Mwenyekiti, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mfupi mwenye macho mepesi, hodari wa kilimo kuliko wote katika kikundi. Naye nitamwita kwa cheo chake. Alikaa na Madam wakanywa chai, kisha nikaitwa.

"Uchaguzi wa kikundi unakuja," Makamu akasema. "Kila mwaka tunasema atoke, na kila mwaka akisimama kusema, watu wananyamaza kama watoto. Wewe huoni ajabu?"

"Ni msemaji mzuri," nikajibu.

"Amekwenda Mombasa miezi. Amefuata nini? Amerudi hataki kukumbatiwa, hataki kuoga na wenzake, kulala anafunga mlango. Hata mimi wifi yake. Kuna kitu amevishwa huko. Hirizi."

Madam akaingilia. "Rehema, siku ya sherehe wewe ndiye utakayemvalisha. Utaangalia ni nini, na kiko wapi. Hatukwambii ukichukue. Utaniambia tu."

Hapo nikaelewa chai ile ilikuwa ya nini, maana Makamu alikuwa amemwahidi Madam kazi ya kushona sare za kikundi kizima. Na sitawadanganya ninyi mnaosoma: nilipotoka pale nilikuwa naamini habari ya hirizi kama wao. Mkono wangu ulikuwa umeigusa. Nililala nikilifikiria lile fundo gumu, na nikaogopa kwamba nimelishika bila kusema bismillahi.

Kilichonitoa katika woga huo ni kola. Hirizi ni kitu kidogo, haivuti kola ya mwanamke mzito kama yule. Kola huvutwa na uzito, na uzito uliovuta ulikuwa upande wa kulia, ambako mkono wangu haukugusa kitu chochote cha ajabu. Kwa hiyo la kuuliza halikuwa ni nini kimeongezwa kushoto, bali ni nini kimepungua huko. Nililigeuza gauni mezani tena, nikaweka rundo la vitambaa ndani ya kifua cha kulia, na kushoto nikaweka pamba kidogo. Nikaliinua kwa mabega. Kola ikaenda kulia.

Nililishusha taratibu mezani. Kisha nikalikunja gauni nikaenda nyumbani kwake, mchana kweupe, nikimwambia Madam nakwenda kumwonyesha pindo.

Binti yake alinifungulia, akanitazama kwa shaka, akasema mama amelala. Mama Mwenyekiti akaita kutoka ndani, "Mwache aingie."

Nilimkuta ameketi kitandani, amejifunga kanga. Nikasema la fundi. "Mama, ulichoweka kushoto ni chepesi mno. Ndiyo maana kola inakimbia."

Alivuta kanga yake juu. Binti yake alisimama mlangoni kama askari.

"Nani amekutuma?" Mama Mwenyekiti akaniuliza.

"Madam amenituma nitazame kama una hirizi. Makamu ndiye aliyetaka. Lakini leo sijatumwa. Wao hawajui kama niko hapa."

"Na nitajuaje?"

"Hutajua, Mama. Hata mimi ningekuwa wewe nisingemwamini mtu kama mimi."

Nadhani jibu hilo ndilo lililomlegeza, kwa sababu lingine lolote angeliona la uongo. Alifungua kanga. Upande wa kushoto kulikuwa na kovu refu, jekundu bado, limekwenda kutoka katikati ya kifua mpaka kwapani, na ngozi imelala bapa juu ya mbavu. Kando yake kitandani palikuwa na kile kifurushi: pamba ya msufi, ile tunayojazia mito, imefungwa kwa kipande cha leso, na fundo katikati.

"Walisema kivimbe kikibaki kitanila mwili wote," akasema. "Nikakubali wakate. Daktari alisema huenda wamekiwahi, huenda hawakukiwahi."

"Kwa nini hukuwaambia watu wako?"

"Niwaambie nini? Siku watakayojua nimeugua ugonjwa huu, wataanza kuniaga. Watakuja kunitazama kwa huruma, na kiti changu watagawana nikiwa bado nimekikalia. Afadhali waseme nina hirizi. Mwenye hirizi wanamwogopa." Akajifunika. "Mimi sijamaliza kazi, Rehema. Mashine ile nimeihangaikia miaka. Nataka nisimame pale nikiwa mzima machoni mwao. Unaweza?"

Nilimpima hapo hapo, mara ya kwanza tangu arudi. Nilimpima kama nilivyofundishwa, amesimama na ameketi, na mbele nikapima kulia na kushoto kila upande peke yake. Aliinua mikono nilipomwambia. Nilipopita juu ya kovu alifumba macho, na binti yake akageuka akatazama ukuta.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi, na hakuna aliyewahi kunifundisha. Kiungo cha mwili kina umbo na uzito, na uzito wake unatembea mtu anapotembea. Nilijaribu mchele, ukalowa jasho na kunuka. Nilijaribu mchanga wa mtoni uliooshwa, ukawa mzito lakini ukakusanyika chini kama jiwe. Nikakumbuka Hola. Katika mashamba ya zamani ya umwagiliaji kulikuwa bado na mipamba iliyojiotea, na pamba ambayo haijatolewa mbegu ina uzito wake na ulaini wake pamoja. Nilimwomba mtu wa huko aniletee. Nikaiweka katikati pamoja na konzi moja ya mtama uliokaangwa ili usioze, nikaizungushia pamba ya msufi, nikaifunika kwa pamba nyembamba iliyokatwa hanamu, yaani kwa kukingama nyuzi, maana kitambaa kilichokatwa hivyo hunyumbulika na kufuata umbo. Kisha nikashona mfuko ndani ya bitana upande wa kushoto ili kitu kikae mahali pake. Na kwa kuwa nilimjua Makamu, nikashona mfuko kama huo upande wa kulia pia, mtupu, ili mkono ukipapasa usikute tofauti ya mshono.

Madam akaniuliza nimefikia wapi. Nikamwambia siku ya kumvalisha ndiyo nitajua. Akatazama mikono yangu, si uso wangu. "Usinichezee," akasema.

Siku ya sherehe nilimvalisha katika darasa moja la shule, karibu na uwanja. Binti yake alilinda mlango. Gauni lilikaa. Nilimwambia atembee, aketi, ainue mkono, ainame kana kwamba anamsalimu mtoto. Kola haikusogea. Alijitazama katika kioo changu kidogo cha mkononi, akakisogeza juu na chini kwa sababu hakikutosha kumwonyesha mwili mzima, kisha akapeleka kiganja machoni. Nikamkemea kwamba ataharibu wanja.

Wakati huo mlango ukasukumwa. Makamu aliingia na wanawake wawili wa kikundi, mmoja ameshika chetezo kinachofuka moshi wa udi.

"Wifi, tumekuja kukufukiza," Makamu akasema kwa sauti tamu. "Mwenyekiti wetu asitoke bila kunukia. Vua gauni tulifukize, au lipandishe moshi uingie ndani."

Mnaifahamu desturi hiyo. Kuikataa ni kumtukana aliyeileta. Mama Mwenyekiti alishika gauni lake kwa mikono miwili. Binti yake alinitazama mimi.

"Halivuliki," nikasema. "Zipu ilikatika, nimemshonea mwilini kwa mkono. Likipandishwa mshono utaachia, na mgeni rasmi amekaribia. Fukizeni mtandio."

"Umemshonea mwilini?" Makamu akanisogelea. "Wewe fundi wa aina gani?"

"Fundi wa haraka, Mama Makamu."

Mmoja wa wale wanawake alicheka. Makamu hakucheka. Aliuchukua mtandio, akaufukiza, akamvika wifi yake mabegani, kisha akafungua mikono na kumkumbatia. Halikuwa kumbatio la mapenzi. Nilikuwa nyuma ya Mama Mwenyekiti, nikaona vidole vyake vikitembea mgongoni, vikaingia chini ya kwapa la kushoto, vikabonyeza, vikaenda kulia, vikabonyeza, vikarudi tena kushoto. Mama Mwenyekiti alisimama kama nguzo. Kisha naye akainua mikono, akamkumbatia Makamu kwa nguvu, akambana kabisa kifuani pake.

"Asante kwa udi, wifi yangu," akasema.

Makamu aliachia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingiza mkono kwenye mtungi na kukuta maji tu. Alitoka bila kuniangalia.

Hotuba ile watu wa Garsen wa umri wangu wanaikumbuka. Alisema juu ya mpunga uliokuwa ukioza kwa kukosa mashine, juu ya wanawake wanaotwanga hadi mikono inachubuka, na akamwambia mgeni rasmi mbele ya watu wote kwamba mashine bila dizeli ni chuma tu. Umati ulinyamaza kama watoto, sawasawa na alivyosema Makamu. Mimi nilisimama pembeni na sindano yangu, macho yangu kwenye kola.

Jioni Madam alinisubiri mlangoni pa duka. "Enhe?"

"Hakuna hirizi."

"Nilisikia kwa masikio yangu. Alikuuliza umegusa nini. Alikuwa na kitu."

"Gauni lilikuwa limemkaa vibaya. Nimelitengeneza."

"Ulinunuliwa kwa kiasi gani?"

Sikumjibu, na naamini hata ningemjibu asingesikia, kwa sababu kwake yeye mtu hunyamaza tu akilipwa. Sare za kikundi zilikwenda kwa fundi mwingine. Mwisho wa mwezi nikaambiwa kazi imepungua.

Nilikwenda Kipini. Huko mkuu wangu alikuwa Somo, mama wa makamo aliyewafunda mabibi harusi na kuwavalisha, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha pwani hasa, kilichonifanya nione aibu kufungua mdomo. Kwake nilijifunza taharizi, vile vipande vya pembeni vinavyoingizwa katika mbavu za nguo ili ipanuke bila kupoteza umbo, na kikwapa, kipande kidogo cha chini ya mkono kinachomwezesha mnene kuinua mkono bila gauni zima kupanda. Somo hakuniuliza kwa nini niliondoka Garsen. Aliniambia tu, "Wewe, mwanangu, una sifa moja niipendayo. Ukimvalisha mtu, hutoki na habari."

Huko Kipini ndiko nilikopata taarifa kwamba Mama Mwenyekiti amefariki. Madaktari hawakuwa wamekiwahi kile kivimbe. Alikuwa amekaa kitini mpaka miezi ya mwisho, na mashine ilikuwa inafanya kazi. Nilisafiri kwenda kuhani msiba.

Nilimkuta binti yake katikati ya akina mama, nikampa mkono, nikakaa kwenye mkeka. Baada ya muda Makamu alikuja akakaa karibu nami. Alikuwa amekonda. Kwa kuwa alikuwa wifi wa marehemu, yeye ndiye aliyeongoza wanawake waliomwosha.

Mwenye kuosha maiti haruhusiwi kusema alichokiona, ninyi mnajua, na yeye alikuwa mtu wa dini. Alichukua ncha ya kanga yake akawa anaikunja na kuikunjua.

"Ulijua," akasema mwishoni, polepole sana.

"Nilijua."

"Siku ile ya udi ulijua."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nilikuwa natafuta..." Hakumaliza. Alijifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika, na wanawake wengine wakadhani ni majonzi ya wifi, wakamwambia avumilie, avumilie. "Alinibana kifuani pake," akasema ndani ya kanga. "Alinibana, na mimi sikujua." Nilimshika mkono.

Baadaye nilirudi Garsen nikafungua kibanda changu mwenyewe. Madam alikuwa amerudi Malindi. Makamu, ambaye sasa alikuwa Mwenyekiti, ndiye aliyenipa kazi ya kwanza, na alipoingia chumba cha kupimia aliinua mikono mwenyewe kabla sijamwambia.

Sasa nimestaafu. Vidole vimekakamaa na uzi siuoni. Mabinti wananiletea picha kwenye simu, magauni ya kubana yenye shanga, wakiniuliza kama mwili wao utakubali. Nawaambia wamtafute fundi anayepima mtu akiwa ameketi, na kwamba kabla ya kuvua chochote watazame pazia limefungwaje na nani amekaa nyuma yake. Wananiona bibi wa wasiwasi. Wacha wanione hivyo.

Lakini kuna jambo ambalo sikulitarajia. Ule uvumi wa hirizi haukufa. Makamu hakuweza kuukanusha bila kusema alichokiona, wala mimi sikuweza. Ukabaki, ukabadilika njiani, na ulipofika vijiji vya mbali ulikuwa unasema kwamba kuna fundi Garsen aliyemshonea Mama Mwenyekiti kitu ndani ya gauni, ndiyo maana alipendeza na kusikilizwa mpaka mwisho. Wanawake wakaanza kuja kwa siri. Wengine walitaka waume warudi. Wengine walitaka kushinda uchaguzi. Hao niliwaambia sina, wakaondoka wakiamini nawanyima.

Ila wachache hawakuwa wamefuata hirizi. Waliingia wamejifunika sana kuliko joto linavyoruhusu, mkono mmoja umekingama kifuani, wakaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, nimesikia unashona kile kitu?"

Kwa kuwatazama tu sikuweza kujua ni nani amekuja kutafuta nini, nami nilikuwa nimejifunza kutouliza. Nilifunga mlango, nikavuta pazia, nikaketi na futikamba mapajani, nikangoja mwenyewe afungue kanga.